Vita vya Saa Tano Asubuhi

Kwa miaka tisa mfululizo Profesa wa Usalama wa Dunia alikuwa amepigana vita kila mwaka na kuvimaliza vyote bila kuchubuka hata kidole. Vita hivyo vilipiganwa ukumbini mwa chuo, ghorofa ya tatu, juu ya meza sita zilizotandikwa vitambaa vya rangi. Vilianza siku ya pili ya zoezi la wanafunzi wake, saa tano kamili asubuhi, kwa sababu saa tano ndiyo saa ambayo mgeni rasmi huwa amekwisha kunywa soda yake na bado hajaanza kusinzia. Ukutani ilisimama ramani kubwa ya mbao yenye balbu nyekundu sabini na mbili. Vita vikianza, balbu zinawaka. Profesa alizifunga mwenyewe, likizo moja nzima, na ungemwona anavyozifuta vumbi kwa leso yake ungedhani ni wanawe wa kuzaa.

Wanafunzi walimwita Jenerali. Hakuwahi kuvaa sare ya aina yoyote maishani mwake, hata ya skauti, lakini jina hilo alikuwa analijua, na kila akilisikia nyuma ya mgongo wake alitembea kifua mbele hatua kumi hivi kabla ya kukumbuka kujifanya hajasikia.

Mwaka huo darasani kwake alikuwamo mwanamke wa miaka hamsini na minne. Huyu alikuwa amekaa dirishani mpakani miaka ishirini na miwili, anagonga mihuri kwenye pasipoti za watu, na kwa sababu hiyo vijana walimwita Mama Muhuri. Jina halikumuudhi. Walikuwa watoto wazuri tu. Mmoja alimwekea kiti karibu na ubao kwa sababu ya macho yake, bila kuombwa, na kila asubuhi kiti kilikuwa pale pale.

Alikuja chuoni kwa jambo moja. Mkuu wa kituo chao cha mpakani alikuwa anastaafu, na barua kutoka makao makuu ilisema nafasi hiyo itapewa mwenye shahada, basi. Asipokuwapo mwenye shahada kituoni, makao makuu yatamleta wa kwao. Mama Muhuri aliwafahamu wa kwao. Walikuja na miwani ya jua, wakauliza choo cha wageni kiko wapi, na wiki ya pili wakaanza kuandika barua za kuomba uhamisho. Kwa hiyo alichukua likizo ya masomo, akahamia kwa binti yake, akasoma miaka mitatu. Sasa kilibaki kitu kimoja tu, zoezi la siku mbili. Zoezi lilikuwa na alama arobaini katika mia. Ukilipoteza hilo, shahada huna, na nafasi inatangazwa mwisho wa mwezi.

"Zoezi hili si mchezo," Profesa alisema asubuhi ya kwanza, mikono nyuma. "Hii ndiyo dunia yenyewe. Anayetaka kucheza aende uwanjani."

Kisha akaeleza masharti. Kila meza ni nchi. Kila nchi ina karatasi yake ya siri, ambayo hairuhusiwi kuonwa na meza nyingine. Hakuna kuondoka mezani. Ukitaka kusema na nchi nyingine unaandika barua nakala tatu, nyeupe, njano na waridi, unaweka kwenye trei. Barua inapelekwa Chumba cha Udhibiti, ghorofa ya chini, ambako Profesa anaisoma, anaigonga muhuri na kuipeleka anakotaka yeye, kwa wakati anaotaka yeye. Wastani ni dakika ishirini. Nchi isiyojibiwa ndani ya dakika kumi na tano ina haki ya kuhesabu kwamba imedharauliwa.

Mama Muhuri aliinua mkono. "Profesa, barua inachukua dakika ishirini kufika, na ukikaa dakika kumi na tano bila jibu umedharauliwa?"

"Ndivyo dunia ilivyo, Mama."

"Haya," alisema, akaandika.

Mtu wa kuzipeleka barua hizo alikuwa msaidizi wa Profesa, mwalimu kijana mwenye ujauzito wa miezi saba. Ghorofa tatu kushuka, ghorofa tatu kupanda, barua moja moja, maana Profesa hakutaka zirundikane. Hakuna aliyeliona hilo kuwa ni jambo. Watu walikuwa wanashughulikia usalama wa dunia. Alipopanda mara ya nne, Mama Muhuri alimvutia kiti chake.

"Kaa kwanza, mwanangu. Miguu imevimba hiyo."

"Atanitafuta, mama."

"Akutafute. Anajua ngazi zilipo."

Msaidizi alikaa dakika mbili, akavua kiatu kimoja, na machozi yakamlengalenga kwa sababu ya kiti tu.

Mama Muhuri alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Nchi ya Kijani, iliyo upande wa juu wa mto na inayojenga bwawa. Chini ya mto ilikuwapo Nchi ya Buluu, na waziri wake alikuwa kijana ambaye hata jua likiwaka vipi havui koti. Wenzake walimwita Koti. Meza nyingine nne zilikuwa za nchi marafiki, kazi yao kuchochea. Karatasi ya siri ya Kijani ilisema: jazeni bwawa lenu miezi ya mvua kwa gharama yoyote. Maneno matatu ya mwisho yalikuwa yamekolezwa wino.

Saa nne ilikuwa mapumziko. Birika kubwa la chai liliwekwa koridoni, na Koti akajikuta nyuma ya Mama Muhuri kwenye foleni, amekunja uso kama mtu mwenye jeshi.

"Mwanangu, nyie mnataka nini hasa?" Mama Muhuri alimuuliza, akimpa kikombe.

Koti alitazama huku na huku. "Mama, ni siri."

"Siri iko kwenye karatasi. Sikuombi karatasi. Nakuuliza mnataka nini."

Koti alijikuna kichwa. Kwa kweli hakuna aliyewahi kumuuliza. "Mto usipungue miezi ya kiangazi. Kwa gharama yoyote."

"Ya kiangazi?"

"Ya kiangazi."

"Sasa sisi tunajaza miezi ya mvua. Kiangazi tunayafungulia maji, yazungushe mitambo. Na yakishazungusha hatuyali, baba. Yanateremka kwenu."

Koti alishusha kikombe. Alimtazama yule mama kama aliyeambiwa kwamba anachokitafuta kutwa nzima amekivaa.

"Kwa hiyo tunagombania nini?"

"Mimi nitajuaje? Mimi nimekuja juzi. Hebu niletee sukari."

Pale pale, juu ya mfuniko wa kreti la soda, waliandika mkataba wa nusu ukurasa, wakaweka sahihi wote wawili. Mama Muhuri hakuwa mtu wa kuvunja masharti. Sharti la kumi na nne lilisema wakati wa mapumziko zoezi limesimama, kwa hiyo hakuna aliyetoka mezani. Kengele ilipolia alirudi mahali pake, akaunakili mkataba mara tatu, nyeupe, njano, waridi, akauweka kwenye trei. Ilikuwa saa nne na nusu. Vita vilipangwa kesho yake, saa tano.

Huko chini, Profesa aliusoma, inasemekana, mara mbili. Kisha akafanya kile ambacho watu wa aina yake hufanya wakikuta mambo yametulia. Akatafuta balaa.

Barua ya kwanza ililetwa na msaidizi akihema: *Daraja la mpakani limelipuliwa. Buluu inashukiwa.*

Mama Muhuri akaandika, nakala tatu: *Kwa Buluu. Tumepata habari za daraja. Poleni, najua na nyie mnalitumia. Mafundi wetu wanakuja kesho asubuhi, nyie leteni mbao.*

Jibu la Koti lilipanda baada ya nusu saa: *Mbao zipo. Ahsanteni.*

Barua ya pili: *Wahandisi wanne wa Buluu wametekwa ndani ya ardhi ya Kijani.*

*Tumewatafuta, tumewapata,* aliandika Mama Muhuri. *Wamekula. Wanarudi na gari la jioni.*

Safari hii Profesa alipanda mwenyewe, ngazi mbili mbili, tai imemkalia begani. "Huwezi kuwapata! Mimi ndiye ninayejua waliko!"

"Ah, kumbe unajua?" Mama Muhuri aliweka kalamu chini. "Basi tuambie, Profesa, tuwarudishe kwa mama zao."

Ukumbi mzima ulicheka, hata nchi marafiki. Profesa alikuwa na kicheko chake cha mikutanoni, lakini siku hiyo alikisahau nyumbani. Akageuka, akashuka. Mpaka saa tisa alikuwa ametia sumu mtoni, amemuua balozi na kuleta nzige, na kila mara ilirudi barua yenye neno poleni, na yule binti mwenye ujauzito akapanda na kushuka. Miaka tisa Profesa alikuwa ameandika kurasa kwa mamia kuhusu jinsi amani ilivyo ngumu, na leo ilikuwa imemkaba mchana kutwa na hakuweza kuibandua.

Alimwita Mama Muhuri ofisini saa kumi. Ilikuwa ofisi ndogo yenye picha kumi na moja za mtu mmoja: Profesa na waziri, Profesa na balozi, Profesa na kipaza sauti. Juu ya kabati, kisanduku cha huduma ya kwanza kilikuwa hakina dawa, kimewekwa kadi zake za jina.

"Mama, unaharibu elimu ya wenzako."

"Kwa kupatana?"

"Kwa kuruka hatua!" Alimsogezea karatasi. "Hii ni fomu ya alama. Soma. Kuhamasisha majeshi, alama kumi. Kasi ya kujibu mapigo, kumi. Kuvuta marafiki vitani, kumi. Kusimamia hasara, kumi. Nikupe kwa kipi? Nitafutie mahali, nikupe."

Mama Muhuri alisoma fomu yote, mbele na nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

"Hakuna mahali pa vita visivyotokea," alisema.

"Kitu kisichotokea hakipimwi. Hiyo ndiyo taaluma. Nakuelewa, Mama. Umezoea kugonga mihuri, mtu apite, yaishe. Hapa tunafikiri." Akalegeza sauti, akawa kama daktari anayempa mgonjwa dawa chungu. "Kesho saa tano mgeni rasmi yuko hapa. Weka sahihi kwenye amri ya kuhamasisha jeshi. Ni mchezo tu."

Mama Muhuri alimtazama. Alikuwa amewaona watu wengi dirishani kwake, wenye pasipoti za bandia na wenye ndugu wa bandia, lakini wengi wao angalau hadithi yao ilidumu tangu asubuhi hadi jioni.

Nyumbani, binti yake mkunga alikuwa ametoka kazini, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Mkwe wake, dereva wa lori ambaye huongea kwa zamu, alikuwa chini anashona mkanda wa mkoba wa mama mkwe uliokatika. Hakuna aliyemtuma.

"Saini, mama," binti alisema baada ya kusikia yote. "Hakuna atakayekufa. Ni balbu."

"Najua ni balbu."

"Basi? Miaka mitatu hii! Unataka aje mwingine wa miwani ya jua akukalie kichwani?"

"Sitaki."

"Sasa si upigane kidogo tu? Vita vya dakika kumi. Ukirudi tunakupikia."

Walicheka wote, hata dereva. Kisha Mama Muhuri akamsugua binti yake kisigino kwa kidole gumba.

"Unamkumbuka yule mwanamke aliyejifungulia kwenye benchi, siku mpaka ulipofungwa? Kati ya geti letu na geti lao?"

"Ulinipigia simu nikawa nakuelekeza."

"Wewe ulinielekeza. Na mwenzangu wa dirisha la upande wa pili alivua shati lake la kazi tukamfungia mtoto, akabaki na fulana mbele ya mkubwa wake. Amri ya kufunga ilikuwa na sahihi ya mtu. Nikajiuliza miaka mingi yule mtu alisoma wapi." Akaendelea kusugua. "Wale watoto darasani, mwakani wako maofisini."

Dereva alikata uzi kwa meno, akamkabidhi mkoba.

"Umekaza?" mama mkwe alimuuliza.

"Huo hautakatika, mama," alisema. Yakawa ndiyo maneno yake ya jioni hiyo.

Asubuhi, Koti alimngojea mlangoni mwa ukumbi. Hakuweza kumtazama usoni.

"Mama, ameniambia nikishambulia ataniandikia barua ya kwenda kusoma nje."

"Na unataka kwenda?"

"Nataka, mama. Sana."

"Basi nenda, mwanangu. Sina kinyongo na wewe. Ila usije ukamwambia mtu kwamba ulilazimishwa."

Koti akaingia kwenye meza yake.

Saa nne na dakika arobaini Profesa aliweka amri ya kuhamasisha jeshi mbele ya Mama Muhuri, imekwisha kuandikwa, imebaki sahihi. Mgeni rasmi alikuwa chumba cha pili na soda yake.

"Sisaini, Profesa."

"Fikiri tena."

"Nimefikiri. Jana ulisema hapa ndipo mnapofikiri, nikajaribu. Tuna mkataba na Buluu. Wao hawajauvunja, na mimi siuvunji."

Profesa hakupandisha sauti. Alichomoa kadi mfukoni, akaandika, akaisoma kwa ukumbi mzima: "Nchini Kijani kumetokea mapinduzi. Waziri wa mambo ya nje ameondolewa. Yuko nje ya zoezi." Akaonyesha viti vya ukutani. "Waziri mpya ni msaidizi wangu."

Hivyo ndivyo mtaalamu wa usalama wa dunia alivyoipindua serikali ili mgeni asikute balbu zimezima.

Mama Muhuri aliinuka, akachukua mkoba wake. Msaidizi alikuja mezani akiwa amelowa jasho la ngazi, akabaki amesimama na kalamu, mkono wa pili juu ya tumbo. Mkataba wake wa kazi ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na kila mtu idarani alijua nani anausaini.

"Samahani, mama," alisema kwa sauti ya chini.

"Kaa ndipo usaini," Mama Muhuri alimwambia, akamsogezea kiti. "Usisimame bure."

Saa tano kamili Kijani ilihamasisha, Buluu ikashambulia, nchi marafiki zikaingia kwa shangwe, na balbu sabini na mbili zikawaka pamoja. Kwa hesabu ya Profesa walikufa watu laki nne kabla ya chakula cha mchana. Mgeni rasmi, mzee mnene mwenye saa ya dhahabu, alipiga makofi, akaikaribia ramani, akauliza swali moja tu: balbu zinatumia betri au umeme wa ukutani? Profesa alimweleza kwa dakika kumi na mbili. Uso wake uling'aa kuliko ramani.

Mama Muhuri aliona yote akiwa ukutani. Aliona pia Koti hapigi makofi. Ni jambo dogo, lakini aliliona.

Matokeo yalibandikwa siku ya nne. Koti thelathini na nane. Mama Muhuri sifuri. Mwisho wa mwezi makao makuu yatamleta mtu wao. Alikwenda ofisini kuchukua fomu ya kurudia zoezi, akamkuta Profesa peke yake, mpole kuliko kawaida, na mlango akaufunga yeye mwenyewe.

"Kaa, Mama. Nina jambo." Akakohoa. "Zile karatasi mbili za siri. Ulijuaje kwamba hazigongani?"

Mama Muhuri alidhani hakusikia vizuri. "Sikujua. Nilimuuliza kijana."

"Lakini zinagongana. Nilizitunga zigongane."

Basi akaelewa. Miaka tisa. Huyu bwana hakuwa ameficha amani humo ndani ili aone nani ataikuta. Hakujua kama imo. Aliandika karatasi ya kwanza, akaandika ya pili, akapenda maneno yake katika zote mbili, na hakuwahi kuziweka meza moja. Darasa baada ya darasa lilikuwa limepigana kwa kosa ambalo mtu mwenye kikombe cha chai aliliona kabla sukari haijayeyuka.

"Nipe ule mkataba wenu, ule wa kwanza wa mkono," Profesa alisema, "na usimweleze mtu. Nirekebishe kabla ya mwakani. Fomu yako ya alama nitaipitia upya. Arobaini. Leo hii."

"Urekebishe iweje?"

"Wasipatane, Mama! Wakipatana saa nne, nitafundisha nini siku mbili?"

Arobaini ilikuwa ni shahada, na shahada ilikuwa ni kiti cha mkuu wa kituo, bila mtu wa miwani ya jua. Mama Muhuri alivifikiria vyote hivyo, maana hakuwa mtakatifu. Alifikiria pia mezani atakaa nani mwakani, na amri za nani zitafika dirishani kwake baadaye, awe mkuu au asiwe.

"Mkataba amebaki nao Koti," alisema. "Anasema ataondoka nao. Na habari yenyewe, Profesa, umechelewa. Wanaijua mpaka wapishi."

Profesa aliutazama mlango alioufunga.

"Nipe fomu ya kurudia."

Alimpa. Mama Muhuri aliijaza pale pale, kwa mwandiko wa mtu aliyejaza fomu miaka ishirini na miwili, akaweka tarehe, akamrudishia.

"Mwakani nitakuwepo," alisema. "Andika nyingine. Andika ngumu, usituonee huruma. Na mtafutie yule binti mtu wa kumbebea barua, atakuwa na mtoto mchanga."

Alipofika mlangoni aligeuka. Profesa alikuwa amekwisha kumsahau. Alikuwa amezilaza karatasi mbili za siri juu ya meza, sako kwa bako, kwa mara ya kwanza tangu azitunge, na ameinama juu yake na kifutio mkononi, akitafuta mahali pa kuziongezea nchi zote mbili kiu.